Jazi Isiyokuwa na Sahani: Kutoka Pwani Hadi Ihembe

Wapenzi wa jazi wanapokutana, iwe ni New York, Paris au Cape Town, swali la kwanza baada ya salamu huwa ni moja: siku hizi unasikiliza albamu gani? Mmoja atataja ya John Coltrane, mwingine ya Abdullah Ibrahim, na wa tatu atasema kwamba amerudia ya Miles Davis aliyoinunua ujanani, na sasa ndiyo kwanza anaisikia. Ni swali jepesi, lakini ndani yake mna mambo matatu ambayo muulizaji hayatamki. La kwanza ni kwamba muziki umetiwa katika kitu kinachoshikika, chenye jalada na majina ya wapigaji. La pili ni kwamba msikilizaji ana uwezo wa kukinunua kitu hicho na kukiweka. La tatu ni kwamba yeye mwenyewe ndiye mwenye kuchagua asikilize nini na wakati gani.

Tulichukue swali hilo tulipeleke Ihembe. Ihembe ni kata ya Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania. Nchi ya vilima, migomba na mibuni, ambako Rwanda na Uganda ziko karibu zaidi kuliko Dar es Salaam, iliyo mbali kwa zaidi ya kilomita 1,000. Tumfikirie mkulima wa kahawa wa huko, aliyekuwa kijana katika miaka ya 1970. Si mtu mmoja mwenye jina; ni mfano wa wengi. Mkulima huyu anaijua jazi. Atakutajia Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Jamhuri Jazz na Nuta Jazz kama mtu anayetaja wajomba zake. Atakueleza nani aliimba na bendi ipi kabla ya kuhamia nyingine, na watu walisema nini alipohama. Lakini ukimuuliza albamu, hana hata moja, na wala hakuwahi kuwa nayo.

Je, huyu ni mpenzi wa jazi au siye? Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba ndiye, na kwamba kuna jambo kubwa zaidi ya hilo. Muziki alioupenda haukupata sahani kwa sababu za kihistoria zinazojulikana, na kwa hiyo sehemu kubwa ya historia ya muziki huo imebaki katika kumbukumbu za watu kama yeye, ambao kila mwaka wanapungua.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba Karagwe ni nchi iliyo mbali na habari zetu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyoanzia pwani ilipita Tabora na kufika huko, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao mahali paitwapo Kafuro. Henry Stanley alipofika Kafuro mwaka 1876 aliwakuta wenyeji wa pwani wakiishi hapo. Miaka kumi na mitano kabla yake, mwaka 1861, John Speke na James Grant walipokewa na Rumanyika, mtawala wa Karagwe, na katika maandishi yao wakaeleza ngoma za ikulu yake na ala ya nyuzi iitwayo nanga. Hiyo nanga ndiyo ala ya watambaji wa Buhaya na Karagwe, ambao huimba habari ndefu za mashujaa huku wakizicharaza nyuzi wenyewe. Profesa M. M. Mulokozi ameifanyia tendi hizo utafiti mkubwa, na kuonesha kwamba ni utanzu wenye kanuni zake, kama vile utenzi wa pwani ulivyo na kanuni zake.

Kwa hiyo redio ilipofika katika vilima hivyo haikukuta masikio matupu. Ilikuta watu waliozoea kukaa kitako usiku na kumsikiliza fundi mmoja kwa muda mrefu, na kumpima kwa maneno yake na kwa vidole vyake pia.

Neno jazi lenyewe lilifikaje? Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya pwani ya Kenya, ilizaliwa ngoma ya beni, iliyoigiza bendi za kijeshi kwa magwaride, vyeo na matarumbeta. Vita vya Kwanza vya Dunia viliisambaza bara pamoja na askari na wapagazi. Baada ya vita, vijana wa mijini walianza kucheza dansi, mwanamume na mwanamke wakishikana, kwa muziki wa gitaa, fidla na kinanda cha mkono. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilileta Afrika mfululizo wa sahani zenye alama ya GV, nyingi zikiwa za nyimbo za Kuba, na sahani hizo zikawafunza wanamuziki wa Kongo na wa Tanganyika kwa pamoja. Dar es Salaam Jazz Band inahesabiwa kuwa imeanzishwa mwaka 1932. Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944. Mwaka 1948, hapo hapo Morogoro, Salum Abdallah akaunda Cuban Marimba, ambayo jina lake halifichi ilikonywa maji.

Katika majina hayo neno jazi halikuwa na maana ile ya New Orleans. Lilikuwa na maana ya muziki wa kisasa, wa mjini, wa kuvaa viatu. Leopoldville ilifanya vivyo hivyo: Joseph Kabasele aliita bendi yake African Jazz mwaka 1953, na mwaka 1956 ikaja OK Jazz ya Franco na wenziwe. Lakini chini ya jina la kigeni bendi zetu zilitia jina la pili, nalo lilikuwa la kienyeji. Western Jazz walipiga mtindo wa Saboso. Tabora Jazz walipiga Segere Matata. Nuta Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilichukua Msondo, na Mlimani Park iliyozaliwa mwaka 1978 ikachukua Sikinde. Yote mawili ni majina ya ngoma za jadi za mrima. Jazi ilikuwa kanzu ya kutokea tu. Nyumbani watu walijuana kwa majina yao.

Na hapa pana jambo ambalo mwenye kupenda lugha ya Kiswahili hawezi kulipita bila ya kusimama. Wakati sisi tulipokuwa tumeazima neno jazi kutoka Marekani, wenye jazi yao walikuwa wakiazima maneno kutoka kwetu. Mnamo Novemba 1960, mwaka mmoja kabla ya Tanganyika kupata uhuru, mpiga piano Randy Weston alirekodi jijini New York albamu aliyoiita Uhuru Afrika. Mshairi Langston Hughes aliitungia shairi, Melba Liston akaipangia ala, na shairi hilo likasomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Mwaka 1969 mpiga ngoma Albert Heath alirekodi albamu ya Kawaida, ambayo ndani yake mna vipande vinavyoitwa Baraka, Dunia na Kamili. Mwaka 1971 Herbie Hancock alitoa albamu ya Mwandishi. Mwandishi lilikuwa ni jina lake mwenyewe la Kiswahili, na wenziwe katika kundi walikuwa na yao: Mchezaji, Jabali, Pepo, Mwile na Mganga. Huyo Mganga, mpiga tarumbeta Eddie Henderson, alikuwa daktari wa hospitali kwelikweli.

Basi hali ikawa ya ajabu. Mpenzi wa jazi wa Chicago aliweza kuingia dukani akanunua albamu yenye jina la Kiswahili, akaja nayo nyumbani, akasoma nyuma ya jalada majina ya wapigaji wote. Mpenzi wa jazi wa Ihembe, ambaye Kiswahili alikielewa, alikuwa na bendi tele zenye jina la Jazz, lakini hakuwa na albamu. Wao walikuwa na neno letu pamoja na sahani. Sisi tulikuwa na neno lao bila ya sahani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Sisi watu wa Unguja tunajua kwamba mwaka 1928 Siti binti Saad alipanda meli na wenziwe hadi Bombay, akarekodiwa na HMV, na sahani zake zikaenea pwani yote na kuingia bara. Biashara ya sahani Afrika ya Mashariki ilitangulia kwa Kiswahili na kwa sauti ya mwanamke wa Unguja. Lakini viwanda vya kuchapa sahani havikujengwa Unguja wala Dar es Salaam. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia biashara hiyo ilijikita Nairobi, na ikabaki huko. Bendi ya Tanzania iliyotaka sahani ilipaswa kusafiri hadi Kenya, ikarekodi kwa siku chache, na ikarudi ikiwa na malipo kidogo na matumaini mengi. Mbaraka Mwinshehe, kwanza akiwa na Morogoro Jazz na kuanzia mwaka 1973 akiwa na Super Volcano, alikuwa miongoni mwa waliofanikiwa kwa njia hiyo.

Wengine walirekodi nyumbani, na nyumbani palikuwa pamoja tu: Radio Tanzania Dar es Salaam. Kituo hicho kilitokana na Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1951, na kikawa mali ya Serikali mwaka 1965. Bendi iliitwa studio, nyimbo zikanaswa katika mikanda ya sumaku, mikanda ikawekwa maktaba, na kuanzia hapo wimbo ukawa wa kurushwa hewani, si wa kuuzwa. Palikuwa pia na kipindi cha Klabu Raha Leo, ambamo bendi zilipiga mbele ya watu. Jina ambalo kwa Muunguja linafanana na la mtaa wake mwenyewe wa Raha Leo, yalipo makao ya utangazaji wa visiwani. Mfumo huu uliwapa wanamuziki jina kubwa bila ya fedha, na ukawapa wasikilizaji nyimbo bila ya kumiliki.

Kisha mlango wa Nairobi ukafungwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, mkoa huo huo wa Ihembe. Wilaya jirani ya mashariki ndiyo iliyokanyagwa, na daraja la Kyaka likavunjwa. Vita vilikwisha mwaka 1979, lakini uchumi ulikuwa umeumia. Sabuni ikawa adimu, sukari ikawa adimu, na betri za redio zikawa adimu kama vyote viwili.

Na miaka hiyo hiyo, 1978 hadi 1983, ndiyo ambayo wajuzi wengi wanaihesabu kuwa kilele cha muziki wa dansi wa Tanzania. Juwata Jazz, yaani Nuta Jazz kwa jina jipya, na Mlimani Park zilikuwa zikishindana kila wiki. Mlimani Park iliongozwa na Michael Enoch, aliyewahi kupigia Dar es Salaam Jazz, na iliondoka na mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo kutoka Juwata. Hivyo bendi mpya ilibeba damu ya zile kongwe mbili. Muziki ulipokuwa bora kuliko wakati wowote, ndipo sahani zilipokuwa haba kuliko wakati wowote. Karibu wote ulikwenda katika mikanda ya redio, na kutoka katika mikanda ukaenda angani, na kutoka angani ukashukia mahali kama Ihembe.

Tutazame basi usikilizaji wa huko ulikuwaje. Redio ilinunuliwa kwa fedha ya msimu wa kahawa, na betri zake zililindwa kama nafaka ya mbegu. Zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati au jamvi, kwani joto huzirudishia nguvu kidogo, na kidogo hicho kilitunzwa kwa taarifa ya habari na kipindi cha muziki. Mchana sauti ilikuwa hafifu. Usiku mawimbi husafiri mbali zaidi, na kwa hiyo jazi ya Ihembe ilikuwa ni jambo la usiku. Ukizungusha kidude kidogo tu ungeipata Kampala, au Kigali, au sauti za Kongo; mawimbi hayaoneshi pasi mtoni Kagera. Sikio la huko lilijifunza kutofautisha gitaa la Kinshasa na la Dar es Salaam kabla mtangazaji hajasema neno.

Msikilizaji hakuchagua wimbo. Aliungoja. Pengine aliungoja mwezi mzima, na ulipokuja hakuweza kuurudisha nyuma. Kwa ajili hiyo aliusikiliza kwa namna ambayo mwenye sahani halazimiki kuijua: kwa nia ya kuuhifadhi, kama mtoto wa chuoni anayejua kwamba mwalimu hatarudia. Hakuuliza mwenzake, unasikiliza albamu gani? Swali lake, kesho yake kwenye mzani wa kahawa au kwenye kibuyu cha rubisi, lilikuwa: jana usiku ulisikia? Na aliyesikia alimwimbia asiyesikia, ubeti kwa ubeti, kisha kwa mdomo akampigia na gitaa.

Kulikuwa na mengi ya kuhifadhi. Wimbo wa dansi wa zama hizo una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole, nayo ni ya maneno: nasaha, kisa cha ndoa, lawama kwa ndugu aliyepata akasahau, fumbo kwa mkubwa asiyetajwa. Ya pili ni chemko, ambapo mwendo hukazwa, magitaa yakasokotana, na tarumbeta na saksafoni zikaulizana na kujibizana. Mpenzi wa mashairi ataitambua sehemu ya kwanza mara moja. Mtunzi wa dansi hakubanwa na vina na mizani kama mtunzi wa shairi, lakini alijua kazi ya kituo, alijua kulificha neno ndani ya neno, na alijua kwamba hadhira yake itajadiliana kesho nani aliyekusudiwa. Ule mjadala ulikuwa sehemu ya wimbo. Nao haukunaswa katika mkanda wowote.

Januari 1979, vita vikiwa vinaendelea, Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Katika mkoa uliokuwa ukisikiliza redio kila saa ili kujua majeshi yamefika wapi, habari ya msiba wake ilipita katika spika ile ile iliyoleta habari za vita. Wapenzi wake wenye sahani walikuwa na kitu cha kushika mkononi. Wengine walikuwa na wanachokumbuka tu.

Hatimaye albamu zilikuja, ila zilikuja kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1994 nyimbo za Mlimani Park zilitolewa katika CD nchini Marekani. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilianza mfululizo wa Zanzibara, ambao juzuu yake ya tatu ilikusanya dansi ya miaka ya 1960, na ya tano, iliyotoka mwaka 2009, ikakusanya ile ya 1978 hadi 1983. Ni kazi njema, na waliozifanya wanastahili shukrani. Sasa mpenzi wa muziki wa London anaweza kuulizwa anasikiliza albamu gani akajibu: ya Tanzania, ya miaka ile. Lakini juzuu moja hubeba nyimbo kumi au kumi na tano, na mikanda iliyorithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania ni mingi isiyolinganishwa na hizo. Mkanda wa sumaku huchakaa hata ukiwa kabatini. Na pale unaponusurika, mara nyingi husema jina la wimbo na la bendi tu. Hausemi nani alipiga gitaa la pili, wala kisa kilikuwa cha nani.

Mambo hayo yanajulikana na nani? Yanajulikana na yule mkulima wa Ihembe. Leo Karagwe ina redio yake ya kijamii, na vijana wa huko hubeba mamia ya nyimbo ndani ya simu. Mzee wao hahitaji tena kuanika betri. Lakini simu humpa wimbo bila ya mjadala, na yeye ndiye aliyebaki na mjadala.

Wapenzi wa ushairi tunayo sababu ya kulielewa hili kuliko watu wengine. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa hayakutufikia kwa sababu Muyaka aliyachapisha. Aliyatunga, yakaimbwa mjini, akafa. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa waliokuwa wakiyakumbuka, pamoja na visa vya kila shairi, akishirikiana na William Taylor. Na mwaka 1940 William Hichens akayatoa katika diwani. Lau Mwalimu Sikujua angesubiri mpaka wazee wale wamalizike, tungebaki na jina la Muyaka na mashairi machache yasiyojulikana yalimlenga nani.

Jazi ya Kiswahili inangoja Mwalimu Sikujua wake. Si lazima awe profesa, wala asiwe mmoja. Anatosha kijana mwenye simu inayonasa sauti, akae na babu yake jioni, ampigie wimbo mmoja wa Juwata au wa Tabora Jazz, kisha amwulize kwa adabu: babu, huu uliusikia mara ya kwanza lini, na watu walisema umeimbiwa nani?